Nani Apewe Ufunguo wa Maji?

Huenda umepata kuona gazetini tangazo la nafasi ya mkurugenzi wa shirika la maji. Tangazo la namna hiyo halina utamu. Hutaja shahada, miaka ya kazi, vyeti vya tabia njema na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Na mtu asiyetafuta kazi hulipita upesi kwenda kwenye habari za mpira. Walakini mimi naona kuwa katika matangazo yote ya kazi hakuna linalostahili kusomwa na kila mtu kama hilo. Meneja wa benki akikosea, wenye akiba hulia. Mkurugenzi wa maji akikosea, hulia hata mtoto mchanga ambaye hajaijua fedha. Anayekabidhiwa maji ya mji amekabidhiwa udhu wa alfajiri, chai ya asubuhi, uji wa mgonjwa na josho la maiti. Basi swali la nani akabidhiwe si la bodi peke yake. Nataka tulifikiri pamoja, mimi na wewe, na nina sababu: niliwahi kulijibu vibaya, tena kwa maandishi.

Miaka michache iliyopita zilienea habari katika mabaraza ya kwetu, upande wa Msambweni, kwamba kiti cha mkurugenzi wa shirika moja la maji, ambalo sitalitaja, kilikuwa wazi. Jioni moja mjomba wangu akaniita. Yapasa ujue kuwa kwetu sisi Wadigo, ingawa mambo mengi yamebadilika, mjomba bado ni mjomba. Zamani mpwa ndiye aliyemrithi, wala si mwana; na ijapokuwa dini na sheria zimeugeuza urithi huo, heshima yake haikugeuka. Nilimkuta barazani pamoja na wazee wengine wanne, kahawa ikizunguka. Nikawaamkia, wakaniitikia, nikapewa mahali pa kukaa.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "wewe umesoma mpaka ukawa mwalimu wa kufundisha watu kuandika. Tuandikie barua. Tunataka kiti kile kipewe mtu wetu."

Mzee mmoja akaongeza kuwa usiache mbachao kwa msala upitao, na wote wakatikisa vichwa. Nikaandika kurasa mbili. Nakiri kuwa ilikuwa barua nzuri, na mimi mwenyewe niliipenda mno. Nilipoisoma kwa sauti, nilipofika mahali palipotajwa Marere, mzee mmoja alijipangusa macho.

Sitaki udhani kuwa madai ya wazee wale yalikuwa upuuzi. Mombasa ni kisiwa kisichoweza kujinywesha chenyewe. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na huku kwetu Kwale, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, ambazo zimeteremsha maji mjini tangu wakati wa ukoloni, pamoja na visima virefu vya Tiwi. Bwawa la Mwache nalo, upande wa Kinango, limekusudiwa kunywesha Mombasa na Kwale pamoja. Wapo wanawake wa Kwale waliozaliwa, wakaolewa na wakazeeka wakijua kuwa maji ya milima yao huenda mjini, hali wao hubeba dumu la lita 20 kichwani. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisema "tunataka wetu", hasemi kwa ukabila tu. Anasema kuwa anataka mtu ambaye kiu hiyo aliionja, asiyehitaji kuonyeshwa kwa picha.

Tena iko hoja nyingine upande wa wazee, nayo haikuwamo hata katika barua yangu. Katika miaka ya 1980 vijiji vya kusini mwa Kwale vilichimbiwa visima vingi vya pampu za mkono, na humu humu ndimo ilimojaribiwa pampu iitwayo Afridev, iliyoundwa kwa makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe bila ya kumngoja fundi kutoka Nairobi. Wanawake walifundishwa kazi hiyo, wakaingia katika kamati, wakashika vitabu vya fedha. Hekima yake ilikuwa wazi: anayeumia pampu ikiharibika ndiye atakayeamka mapema kuitengeneza. Kwa hiyo uenyeji una thamani yake, na mtu anayeudharau hajawahi kungoja zamu kisimani.

Lakini usiku ule, nilipokwisha kuisifu barua yangu kimoyomoyo, niliisoma mara ya tatu kama nisomavyo insha ya mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Nikaona jambo la aibu. Katika kurasa mbili nilitaja ukoo, nilitaja milima, nilitaja machozi ya mama zetu. Sikutaja hata mara moja kazi yenyewe atakayoifanya huyo mtu wetu.

Kazi yenyewe ni nini? Chukua Diani na Tiwi. Chini ya ardhi ya pwani yetu maji matamu hulala juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi. Ukiyavuta kwa kiasi, hukaa mahali pake. Ukiyavuta kwa pupa, ya chumvi hupanda, na kisima kilichokwisha kuingia chumvi huenda kisirudi katika hali yake kwa miaka mingi. Juu ya ardhi hiyo pana hoteli, pana nyumba za kupangisha zinazoongezeka kila mwaka, pana visima vya watu binafsi, na pana wanavijiji wasio na maji mengine. Mtu anayeongoza maji mahali kama hapo hana budi kuelewa hesabu ya kisima, na siku moja hana budi kusimama mbele ya watu wenye fedha na kusema: basi, pampu zisimame. Maji ya chumvi hayajui jamaa, wala hayabembelezwi kwa Kidigo.

Kisha yako maji yapoteayo njiani. Taarifa za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini Kenya, zilionyesha katika miaka ya mwanzo ya 2020 kuwa zaidi ya lita 40 katika kila 100 zilizotolewa na mashirika ya maji hazikuleta malipo yoyote. Sehemu ya maji hayo huvuja ardhini kwa mabomba mabovu. Sehemu hupita katika mita zisizohesabu sawasawa. Na sehemu hunywewa na watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, nao si lazima wawe maskini. Maskini aghalabu hununua maji yake kwa dumu kutoka kwa mchuuzi wa mkokoteni, na kwa kila lita hulipa zaidi kuliko mwenye bomba.

Hapa ndipo niliposimama usiku ule. Nilijiuliza: huyo mtu wetu atakapokuta bomba la wizi, litakuwa la nani? Litakuwa letu. Katika mji wa ugenini angekuta mabomba ya watu asiowajua. Hapa atakuta la shemeji yake, la aliyemsomesha, la mzee aliyekuja nyumbani kwao kutoa posa. Nasi tuliomtaka kwa sababu ni wetu, je, tulimtaka ili atukatie?

Huenda ukanijibu kuwa basi aletwe mgeni, kwani mgeni njoo mwenyeji apone. Sikubali upesi hivyo. Mgeni naye ana watu wake, na hasa ana wale waliomtuma. Nimeona wageni waliofika na sanduku moja wakaondoka na malori mawili. Vyeti navyo havitoshi. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma na vijana waliojua nadharia zote za malezi, na leo hawawezi kumtuliza mtoto mmoja anayelia.

Tazama mifano miwili ya watu waliofaulu. Nchini Uganda, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka lilikuwa katika hasara, na zaidi ya nusu ya maji yake yalipotea bila malipo, alipokabidhiwa William Muhairwe mwaka 1998. Hakutoka katika uhandisi wa maji. Mwaka 1999 alianzisha mpango wa siku 100, wenye shabaha zilizohesabika, na aliliongoza shirika mpaka 2011, likiwa limekwisha kuacha hasara. Na mbali kabisa, katika mji wa Phnom Penh nchini Kambodia, Ek Sonn Chan alipewa maji ya mji mwaka 1993, wakati lita 72 katika kila 100 zilipokuwa zikipotea. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi jenerali mmoja alivyomwelekezea silaha kichwani alipokwenda kufunga mita katika nyumba yake. Alirudi nyuma. Kisha akaja tena na walinzi wenye silaha, na maji ya jenerali yakakatwa. Baada ya miaka 15 hivi upotevu ulishuka mpaka karibu lita 6 katika kila 100.

Wote wawili walikuwa wenyeji wa nchi zao, kwa hiyo uenyeji haukuwazuia. Lakini hakuna anayewasifu kwa uenyeji. Na kuna jambo moja katika kisa cha jenerali ambalo hupitwa na wengi: mkurugenzi yule hakuondolewa. Waliomweka walimwacha kazini mpaka 2012. Ingekuwa jioni ile ile simu imepigwa kutoka juu, "mwache mheshimiwa," basi ujasiri wake wote ungekuwa hadithi ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema katika kifungu cha 43 kuwa kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 73 kinataka viongozi wachaguliwe kwa uadilifu wao, uwezo wao na kufaa kwao. Na kifungu cha 232 kinaweka pamoja mashindano ya haki na sifa za mtu, tena na uwakilishi wa jamii mbalimbali. Walioiandika hawakuona kuwa mambo hayo yanapigana, nami nakubaliana nao. Yanapigana tu pale tunapoligeuza neno "uwakilishi" kuwa "zamu yetu ya kula".

Kama ningeketi katika bodi, ningemwuliza mwombaji swali moja baada ya yale ya shahada: tueleze siku ulipomkatalia mtu unayempenda au unayemwogopa. Majibu mazuri yangekuwa mengi, kwa sababu watu hujiandaa. Kwa hiyo ningetaka pia jina la huyo aliyekataliwa, nikamwulize yeye. Nadhani waombaji wengi wangetafuta kazi nyingine. Nami ningejiuliza swali la pili, gumu zaidi, ambalo haliandikwi katika tangazo: je, sisi tunaomchagua tuko tayari kuwa wa kwanza kukataliwa? Mtu aliyepewa kiti kwa sababu ya ukoo amekwisha kudaiwa kabla hajaketi.

Asubuhi nilikwenda bombani kunawa uso, na maji yakatoka kwa nguvu, safi, baridi. Naishi katika uwanja wa mjomba, na bomba hilo hutumiwa na nyumba tatu. Nilikuwa nimelitumia tangu utotoni. Siku hiyo nililifuata kwa macho kutoka kopo la kunawia mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka barabarani, nikitafuta kitu ambacho nilijua sitakiona. Halikuwa na mita. Fundi mmoja aliliunganisha zamani, kwa urafiki na kwa kitu kidogo, wala hapajawahi kufika ankara.

Niliandika barua ya pili. Ilikuwa fupi, na haikumliza mtu. Iliomba nafasi itangazwe wazi, waombaji watajwe hadharani, hesabu za maji yapoteayo zibandikwe ukutani kila mwezi, na atakayechaguliwa, awe wa Kwale au wa kwingine, aanze kukagua mabomba ya wazee waliotia sahihi barua hiyo. Nilimpelekea mjomba. Akavaa miwani, akaisoma polepole mpaka mwisho, akaikunja mara nne.

"Yaani mpwa wangu," akasema, "unataka tulete mtu aje atukatie maji sisi?"

"Mjomba," nikasema, "nyumba ya nne kutoka hapa wananunua dumu."

Hakujibu. Barua iliyopelekwa ilikuwa ile ya kwanza, yenye maneno yangu mazuri, na sahihi ya mjomba ilikuwa ya kwanza chini yake. Juma lililofuata nilikwenda ofisi ya maji kuomba mita kwa jina langu, nikajaza karatasi na kulipa amana. Mjomba alinyamaza nami siku nyingi. Mita ilipofungwa alitoka nje kuitazama, akaizunguka kama aizungukavyo mbuzi wa kununua, kisha akauliza kama ile sindano nyekundu huzunguka hata usiku watu wakilala.