Ugeni Si Kosa

Ukinywa mursik hapa Eldoret unameza mamilioni ya wageni. Maziwa yamelala siku kadhaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, yakachachushwa na bakteria ambao si wa mwili wako na hawakuomba ruhusa. Wanariadha wakirudi na medali tunawapokea hivyo hivyo uwanja wa ndege: kibuyu mdomoni. Na tumbo? Kwa kawaida linatulia tu.

Si jambo dogo. Sehemu kubwa ya seli za kinga imepiga kambi utumboni, na kati yake na bakteria hao, pamoja na githeri ya jana, kuna safu moja tu ya seli. Shuleni tuliambiwa kinga ni askari wa mpakani: huyu wetu, huyu si wetu, piga. Ingekuwa hivyo, kila mlo ungekuwa vita.

Inavyokwenda ni hivi. Seli zinazoitwa dendriti, zenye matawi kama mti, huokota vipande vya vitu vilivyomo utumboni na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, zikavionyeshe kwa seli T. Seli T ikikitambua kipande, bado haiwaki. Inangoja ishara ya pili kutoka kwa dendriti ile ile, na dendriti huitoa ikiwa imekuta dalili za hatari: ukuta umetobolewa, seli zinakufa. Bila ishara hiyo seli T hupoa, au hugeuka mlinzi wa kutuliza wenzake. Mwaka 1994 Polly Matzinger alienda mbali zaidi, akadai mwili haujali sana nani mgeni, unajali nani anaharibu. Wengi walimpinga, maana seli hizi pia zina njia za kutambua alama za vijidudu moja kwa moja. Lakini swali lake halijafa.

Naogopa hoja hii inakoweza kuelekea. Huku Bonde la Ufa majirani waliitwa madoadoa. Doa halihitaji kufanya lolote. Kuwepo kwake ndiko kosa lake. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kwa hivyo sitawalinganisha na bakteria, hata wale wazuri wa mursik. Mfano wa aina hiyo ndio ulioanza kazi.

Mimi namwangalia dendriti. Seli T haijafika utumboni kujionea, inaamini ilicholetewa. Ripoti ya Tume ya Waki ilitaja redio za lugha za nyumbani kati ya waliochochea, na mpaka leo utasikia, "vijana walichochewa tu." Sawa, walichochewa. Lakini kijana si seli T. Ana miguu, na jirani yuko hatua kumi. Angeweza kwenda kuangalia kama ukuta umetobolewa kweli. Kwangu mimi kuchochewa hakupunguzi lawama hata kidogo, kunaigawa tu kwa watu wengi zaidi.

Na ishara ikitolewa ovyo? Katika ugonjwa wa Crohn, kinga huwaka dhidi ya bakteria wa kawaida wa tumbo. Kinachotoka vidonda ni utumbo wenyewe.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki. Poa, lakini siku hizi neno halihitajiki. Kwenye grupu ya WhatsApp inatosha picha ya moshi isiyo na tarehe na sauti ya mtu akisema, "Wameanza." Nilitumiwa moja, ati ni Burnt Forest. Kabla ya kuisambaza nikampigia jamaa anayeishi huko. Akatoka nje, akaangalia, akarudi kwenye simu akicheka: ni mzee anachoma makaa.