Mfupa Hujengwa na Mzigo
Maandiko: Maombolezo 3:27, Wagalatia 6:2-5



Jumapili niliwaambia mfupa si jiwe. Mfupa uko hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine zinajenga upya. Ziko pia zile zilizokaa katikati ya mfupa wenyewe, kazi yao ni kuhisi mzigo. Ukibeba mtungi wa maziwa hapa Siongiroi, au kikapu cha majani chai kule Konoin, zinatuma habari: jengeni hapa! Daktari Julius Wolff wa Berlin aliliandika jambo hili mwaka 1892, kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba.

Sasa ondoa mzigo uone. Wanaokaa angani kwa miezi, mahali ambapo mwili hauhisi uzito wake, wamepimwa wakaonekana kupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Hawakuanguka, hawakupigwa. Walikosa mzigo tu! Ndiyo maana Maombolezo inasema nira ya ujanani ni njema. Kijana, usiikimbie kazi. Mzazi, usimwondolee mtoto kila jukumu ukidhani unampenda.

Lakini ngojeni, msiseme amina haraka. Mfupa huohuo ukipigwa kila siku bila kupumzika hupata nyufa ndogo ndogo. Mwili unajua kuzirekebisha, ila kubomoa palipoharibika huchukua wiki chache, na kujenga upya huchukua miezi. Wakimbiaji wetu wa Bomet wanalijua hili. Mtu akiongeza kilomita haraka kuliko mfupa unavyojengwa, mguu unavunjika bila yeye kuanguka popote.

Na hapa kanisani je? Yuko anayemuuguza mzazi mwaka wa tatu sasa, karo analipa peke yake, na bado tunamweka kwenye zamu ya jikoni kwa sababu "yule ana nguvu." Siku akilia tunasema imani imepungua. Hapana! Ana nyufa. Usimwambie tu aombe zaidi. Shika upande mmoja wa mzigo.

Wengine huuliza kama Paulo anajipinga: mstari wa 2 tubebeane mizigo, mstari wa 5 kila mtu abebe wake. Hajipingi. Mfupa unahitaji yote mawili, mzigo wake na pumziko lake.

Kwa hiyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani uchague nyumba moja. Lala na mgonjwa usiku mmoja ili anayemuuguza apate usingizi. Teka maji, kamua ng'ombe. Na wewe unayesaidiwa, kubali. Usiseme "niko sawa tu."

Tuombe: Bwana, usitunyime mzigo unaotujenga, wala usituache tukimtazama ndugu yetu akivunjika. Katika jina la Yesu, amina.