Kula Katika Nyumba ya Fahari: Ni Zambi?



Kuna swali linalorudi mara nyingi katika mazungumzo ya wakristu, hasa wale wanaokaa mijini. Mtu amepata kazi nzuri. Siku ya mshahara rafiki zake wanamwita waende kula katikati ya mji, katika restora ya fahari, ndani ya nyumba ya zamani yenye nguzo na madirisha marefu. Mle ndani meza zina vitambaa vyeupe, vijiko vinang'aa, na mtumishi anainama mbele ya mgeni. Lakini feza ya chakula cha mtu mmoja ingeweza kulisha watu wa lupango nzima kwa juma zima. Basi anajiuliza moyoni: Je, nikiingia mle nikala, nafanya zambi?

Wengine hujibu upesi: "Ndiyo, ni zambi, kwa sababu masikini wana njaa." Wengine hujibu upesi vile vile: "Hapana, feza ni yake, ale anavyotaka." Majibu haya mawili ni mepesi mno. Tuyaweke kando kwanza, tufikiri pole pole.

Habari ya nyumba moja

Ili tusiseme maneno ya hewani, tuchukue nyumba moja ya kweli. Iko Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, ambao sisi watu wa Kongo tumelijua jina lake tangu wakati wa babu zetu. Katikati ya mji ule kuna uwanja unaoitwa Grand-Place. Mwaka wa 1695, katika mwezi wa Agosti, jeshi la mfalme wa Ufaransa liliupiga mji kwa mizinga, na nyumba elfu kadhaa zikaungua au kubomoka. Wenyeji hawakukata tamaa. Kwa miaka michache tu walijenga upya, na nyumba zinazouzunguka uwanja zikawa nzuri kuliko za kwanza. Tangu mwaka wa 1998 Grand-Place imeandikwa katika orodha ya UNESCO, kama urisi wa watu wote wa dunia.

Moja ya nyumba hizo ilijengwa mwaka wa 1698. Juu ya mlango wake kuna sanamu ya ndege mweupe mwenye shingo ndefu, wa jamii ya bata, ambaye kwa Kifaransa huitwa cygne. Mwaka wa 1720 nyumba ile ilinunuliwa na chama cha wauza nyama wa mji. Watu wale walikuwa mafundi wa visu na wa ngozi, mikono yao ilinuka damu, lakini walitaka chama chao kiwe na nyumba ya heshima.

Baadaye vyama vya mafundi vilivunjwa, na nyumba ikapata watu wengine. Mwaka wa 1847 wafanyakazi Wajerumani waliokaa Bruxelles walikutana ndani yake, pamoja na Karl Marx, aliyekuwa amekimbilia mji ule. Tena mwaka wa 1885, mwezi wa Aprili, wafanyakazi wa Ubelgiji walikusanyika katika nyumba ile ile na kuanzisha chama chao. Wakati ule watu wa viwanda na wa mashimo ya makaa walifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, watoto vile vile, na mshahara haukutosha mkate. Mle ndani ya nyumba ya ndege, walizungumza habari ya mkate.

Sasa tazameni mambo ya dunia. Katika karne ya 20 vyumba vya nyumba ile vilikuwa restora ya bei kubwa, yenye jina la La Maison du Cygne. Matajiri na wageni wa mbali walikula na kunywa mahali pale ambapo wenye njaa walikuwa wamekaa kushauriana. Na wale wafanyakazi? Walijijengea nyumba yao wenyewe, iliyochorwa na fundi mkubwa Victor Horta, ikafunguliwa mwaka wa 1899. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka wa 1965. Nyumba ya wenye njaa haipo tena. Meza ya wenye shibe ilitandikwa mahali walipokutana.

Je, tuseme kwamba kila aliyekula mle alitenda uovu? Hatuwezi kusema hivyo. Lakini tunaweza kusema kwamba kuta za nyumba kama ile zinamwuliza mlaji swali, hata kama yeye hasikii.

Milango mitatu

Neno restora lenyewe lina mafundisho. Katika Paris ya karne ya 18, restaurant lilikuwa jina la mchuzi wa nyama uliopikwa sana, ambao watu zaifu walipewa ili warudishiwe nguvu. Ndiyo maana ya neno: kinachorudisha nguvu. Basi fahari hii yote ilianza kama dawa ya wagonjwa!

Kabla ya hapo msafiri alikula pamoja na wasafiri wengine, meza moja, saa moja, chakula kile alichopika mwenye nyumba. Restora ilileta desturi mpya: kila mtu meza yake, kila mtu achague katika karatasi yenye majina ya vyakula na bei zake. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka wa 1789. Wapishi kadhaa wa wakubwa walikosa mabwana wao, wakafungua nyumba za kulia. Zamani, ili ufike kwenye meza kama ile, uliulizwa: Wewe mtoto wa nani? Sasa ukaulizwa: Unayo feza?

Kwetu Kongo, wakati wa ukoloni, kulikuwa na swali la tatu: Ngozi yako ni ya rangi gani? Katika miji kama Elisabethville mtu mweusi alikaa upande wake, na katika restora za katikati ya mji aliingia kwa mlango wa jikoni, kuwa mpishi au boyi. Wazee wetu walipika vyakula vya Wazungu vizuri sana, lakini hawakukaa mezani. Kwa hiyo mtu wa leo akisema, "Naingia kwa mlango wa mbele, kwa ajili ya babu yangu aliyeingia kwa mlango wa nyuma," tusimcheke. Neno lake ni la haki. Kukaa mezani kama mtu kati ya watu ni heshima iliyopatikana kwa machozi.

Lakini asisahau jambo moja. Mlango wa jikoni bado upo, na kuna mtu anayeingia kwa mlango ule hata leo.

Akili inatufundisha nini?

Aristoteli, mwalimu wa Wagiriki wa kale, hakuchukia matumizi makubwa. Alifundisha kwamba kuna fazila ya kutumia mali nyingi kwa ajili ya jambo kubwa: kujenga hekalu, kulisha mji wote siku ya sikukuu. Lakini alimtaja pia mtu mwingine, ambaye huwaalika rafiki zake chakula cha kawaida, naye akakifanya kama karamu ya arusi. Kwa nini? Si kwa sababu ya wema, bali watu wauone utajiri wake. Mtu huyo, asema Aristoteli, hana kipimo.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifuata njia hiyo. Kwake yeye zambi ya ulafi haiko ndani ya chakula. Nyama ni nyama, divai ni divai. Iko ndani ya tamaa isiyofuata akili. Tena anasema kwamba mtu mwenye kiasi hutazama mwili wake unahitaji nini, na hutazama pia wakati, na mahali, na watu anaokaa kati yao. Neno hili la mwisho lituguse sana. Chakula kile kile kinaweza kuwa sawa katika mji ambamo wote wanakula, na kuwa tusi katika mtaa ambamo jirani analala na njaa.

Tumepata basi kanuni: usiulize tu kilichomo ndani ya sahani. Uliza yaliyo kando ya sahani. Hapa tunaweka maswali matatu, ambayo kila mtu aiulize zamiri yake kabla ya kufungua mlango wa nyumba ya fahari.

Swali la kwanza: Feza hii ni ya nani?

Mtu atasema, "Ni yangu, imo mfukoni mwangu." Pole pole, ndugu. Feza iliyomo mfukoni si yako yote. Kama ada ya masomo ya mtoto haijalipwa, sehemu ile ni ya mtoto. Kama fundi aliyekujengea ukuta anakuja kila jioni kudai, sehemu ile ni ya fundi. Na kama wewe ni mkubwa wa kazi, na feza ni ya watu wote, ya shule au ya barabara au ya dawa, basi hukula nyama, umekula daraja na umekula dawa ya wagonjwa. Hapo hatuna haja ya kutafuta jibu katika vitabu. Ni wizi, hata kama uma ni wa feza na kitambaa ni cheupe.

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka wa 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi apate riziki. Papa huyo, kabla ya kuwa Papa, alikuwa balozi wa Kanisa huko Bruxelles tangu mwaka wa 1843 mpaka wa 1846. Maana yake katika mwaka wa 1845 yeye na Marx walikaa katika mji mmoja. Njia zao ziliachana sana. Lakini wote wawili waliona kwamba mkono unaofanya kazi haupati haki yake.

Haki kwanza, karamu baadaye. Aliyelipa deni zake ale kwa amani.

Swali la pili: Namwona nani?

Tunajua sote mfano wa tajiri na Lazaro. Tajiri yule hakushitakiwa kwamba aliiba. Kosa lake ni kwamba kulikuwa na mtu mlangoni, naye aliishi kama mtu yule hayupo. Babu zetu walisema kwa mezali: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mezali hii haisemi kwamba mwenye shibe ni mwovu. Inasema kwamba shibe inafunga macho, kwa hiyo ni kazi ya mwenye shibe kuyafungua.

Na si masikini wa barabarani peke yake. Yuko anayekuletea sahani, yuko anayeziosha nyuma, usiku, miguu ikimwuma. Je, unamwita kwa jina zuri, au unampigia vidole kama mbwa? Mtu hupimwa kwa namna anavyosema na mtumishi wa meza kuliko namna anavyosema na waziri.

Inawezekana kuona mbali zaidi ya meza yako. Mwaka ule ule wa 1885, wafanyakazi walipokuwa wakidai mkate katika nyumba ya Bruxelles, Mfalme Leopold II alipata kutambuliwa kuwa mtawala wa Kongo, na baadaye watu wetu wakateswa kwa ajili ya mpira. Wengi katika Bruxelles hawakutaka kujua. Lakini Emile Vandervelde, kiongozi wa chama kile cha wafanyakazi, alisema wazi katika bunge. Tena mwaka wa 1909 alifunga safari mpaka Léopoldville kumtetea mahakamani William Sheppard, mhubiri Mprotestanti, Mmarekani mweusi, aliyeshitakiwa kwa sababu aliandika juu ya mateso ya Wakuba wa Kasai. Sheppard akaachiliwa. Vandervelde hakuwa wa dini yetu, lakini hapa alitupa mfano: aliyedai mkate wa watu wake alikumbuka pia mkate wa wengine.

Swali la tatu: Nikitoka, narudi kwetu namna gani?

Hili ndilo swali gumu zaidi. Kuna kijana anayekula mara moja katika nyumba ya fahari, na kesho yake bukari na sombe ya mama yake inamchukiza. Anakaa peke yake na sahani yake, hataki tena kunawa mikono pamoja na ndugu. Kijana huyu amelipa bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika karatasi. Ameuza meza ya kwao.

Lakini kuna mwingine. Mume ametimiza miaka 25 ya ndoa. Deni hana, watoto wamesoma. Anamwambia mke wake, "Mama, miaka hii yote umetupikia. Leo ukae, wapike wengine." Anampeleka katika nyumba ile nzuri, anamvutia kiti. Wanakula, wanacheka, wanamshukuru aliyewatumikia, wanarudi nyumbani na furaha ya kuwapa wengine. Nani atamhukumu? Mtu yule amefahamu maana ya kwanza ya restora: chakula kinachorudisha nguvu, za mwili na za upendo.

Neno kwa wale wasioingia

Tena tuseme neno kwa sisi ambao hupita nje tu. Si fazila kumchukia mwenye kula kwa sababu sisi hatuli. Wivu nao ni ulafi, ni ulafi wa macho. Na kumbuka kwamba mpishi, mkulima wa mboga na mvuvi wa samaki hupata riziki kwa meza ile, kama wanalipwa kwa haki. Tuwaombee haki, tusiombe nyumba ianguke.

Basi, ndugu wasomaji, jibu letu ni hili. Kula katika nyumba ya fahari si zambi kwa yenyewe, wala si haki ya mwenye feza bila maswali. Kabla ya kukaa kitako, lipa unachodaiwa. Ukikaa, mwone aliye karibu nawe na aliye mlangoni. Ukitoka, rudi kwenu ukiwa ndugu yule yule. Mtu anayeweza kufanya hayo matatu anaweza kula popote, juu ya kitambaa cheupe au juu ya mkeka.

Na yule asiyeweza, hata bukari kavu ya nyumbani kwake ataila vibaya.