Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Anywaye soda mjini huenda hajui kwamba viputo vinavyomtekenya puani vyaweza kuwa vimetoka chini ya mlima. Wilayani Rungwe, kwenye maeneo ya mlima Kyejo, hewa ukaa hupanda yenyewe kutoka ardhini, ikakusanywa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Wenyeji walizijua pumzi hizo za ardhi kabla hazijawa bidhaa.

Juni 2016 ikaja habari kubwa zaidi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi Tanzania. Walieleza kuwa joto la volkeno huifungua gesi hiyo kutoka miamba ya kale. Karibu mno na volkeno huzimuliwa na gesi nyingine; mbali kidogo, kama katika bonde la Rukwa, yaweza kuhifadhika. Desemba 2020 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la London. Elimu ikawa mtaji.

Je, pana ubaya? Wako wasemao elimu ni amana, haiuzwi. Siafiki moja kwa moja. Elimu iliyolala kabatini haimfai mgonjwa, na heliamu ndiyo ipozayo mashine za kupigia picha ndani ya mwili. Tena achimbaye kwa mali yake aweza kuambulia vumbi. Akipata, faida ni haki yake.

Lakini elimu na faida hazina tabia moja. Elimu ukiigawa haipungui. Faida ukiigawa hupungua, na hapo ndipo mkono huwa mzito. Sheria ya madini, tangu marekebisho ya 2017, huipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji. Hiyo ni haki ya gesi. Haki ya elimu je? Mtafiti afikapo ugenini huuliza njia. Jina la aliyeuliza huandikwa. La aliyejibu husahaulika.

Deni hilo, naona, halilipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa kuwarejeshea wenyeji matokeo kwa lugha waifahamuyo, na kwa kumsomesha kijana wa Tukuyu hata awe yeye mwenye kuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atazame.