Gari la Mbio na Tela Lake

Huko Ulaya na Marekani upo mchezo ambao kwetu bado ni mgeni. Mwenye gari la mbio hulipa ada, akaingia katika uwanja wa mashindano kwa siku moja, akaliendesha gari lake kwa kasi ambayo barabara ya watu wote haiwezi kuiruhusu. Hagombei kikombe, anajipima tu. Lakini siku hiyo ina mahitaji yake: matairi ya uwanjani, jeki, spana, dumu la petroli. Gari la watu wawili halina pa kuviweka. Wenye fedha hulipakia gari lenyewe juu ya lori, likafika limebebwa kama mgonjwa. Wengine, hasa wenye vigari vidogo kama Mazda MX-5, hufunga ndoano nyuma wakavuta tela dogo lenye matairi manne na sanduku la vifaa. Wakifika hulifungua tela, hubadili matairi, hukimbia mpaka jioni, kisha hulifunga tena na kurudi nyumbani kwa mwendo wa kiasi.

Wapo wanaowacheka. Gari lililoundwa kwa ajili ya kasi, wanasema, kulivutisha mzigo ni kulidhalilisha. Kicheko hicho kina swali ndani yake, nalo si la magari tu: je, aliyejaliwa kasi asamehewe mzigo?

Nchi hii ya katikati inaijua mizigo. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, watawala wa hapa wakidai hongo, na wapagazi wakipita na mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 32, begani au kichwani. Leo malori yenye matela yanapita Dodoma yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, na pembeni mwa barabara punda anakokota mkokoteni wa madumu ya maji. Zama zile za misafara zilituachia msemo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunausema kwa utani, na watani wetu wanacheka. Lakini utazame vizuri, msomaji. Ikiwa mzigo mzito umekwisha kupata mwenyewe, basi sisi wengine tumejisamehe. Ndiyo maana wahenga wakaonya pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kosa la kwanza la wanaocheka ni kudhani kwamba kasi na mzigo ni viumbe wawili wasiojuana. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 iliyashinda mwaka 1963, kisha mfululizo miaka ya 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Basi 404 hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikisomba abiria na magunia katika barabara zetu za vumbi. Sioni ajabu kwamba gari lililozoea kazi lilistahimili tope. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa mwendo unaofikia kilometa 160 kwa saa, ikiwa na mabehewa yake. Kichwa cha treni kisicho na behewa kinaweza kuwa na kasi, lakini hakina safari.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Lile tela limebeba nini? Limebeba matairi ambayo bila hayo hakuna kukimbia. Mzigo ule ndio unaoizaa kasi. Na hapa ndipo magari yanapotuhusu sisi. Kijana wa Kongwa au Mpwapwa anafaulu mtihani, na watu wanasifu akili zake. Ni kweli anazo. Lakini mbuzi waliuzwa, baba alikwenda kibarua, na pengine dada aliacha shule ili yeye aendelee. Hao ndio matairi yake.

Mwalimu Nyerere mwaka 1964 aliwafananisha waliosomeshwa na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kuipinga sheria iliyowataka waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi 18 wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mamia walirudishwa makwao. Papo hapo Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwangu mimi jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote: aliyetaka wengine wavute alijifunga ndoano mwenyewe.

Hata hivyo, haki inataka tusikilize upande wa pili. Mzigo unaweza kukiua kipaji. Wako vijana ambao mshahara wa kwanza ulikuta tayari umegawanywa kwa watu wanane, na wao hawakusogea tena. Tukiwaambia tu kwamba ni wajibu wao, tutakuwa tumesema kweli nusu.

Nusu ya pili tunaweza kujifunza kwa tela lenyewe. Kwanza, mzigo huwekwa mbele kidogo ya ekseli, ili ndoano ibebe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Ukirundikwa nyuma, tela huyumba na kulitikisa gari lililo mbele. Likianza kuyumba, dereva mwenye akili hakanyagi breki ghafla wala haongezi mwendo. Huachia mafuta polepole. Pili, mwendo wa kuvuta si mwendo wa uwanjani. Kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki huwa mara nne, na tela dogo aghalabu halina breki zake. Tatu, tela hufunguliwa uwanjani. Hakuna anayemtaka dereva akimbie nalo.

Basi wapakiaji nao wana wajibu. Wamwambie kijana mzigo wake waziwazi, mbele ya macho yake, wala wasimrundikie nyuma kwa siri na lawama. Wakati wa masomo wamwache akimbie. Na akiwa na familia njiani, wasimdai kasi ya aliye peke yake.

Lakini baada ya hayo yote, jioni inafika. Kufungua tela si kulitupa. Anayelifungua langoni kisha akaondoka kwa lango jingine, akiwaacha wengine walisukume kwa mikono, huyo hakuwa na kasi. Alikuwa anakimbia watu. Heshima ya mwenye kipaji haiko katika kusamehewa mzigo. Iko katika kujua wakati wa kuufungua na, jua linapotua, kurudi nyuma taratibu mpaka ndoano ishike tena.