Sebule Iliyogeuka Duka

Kuuza si dhambi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu tunakula kwa kuuza: mitumba, vitenge, sabuni, bima, viwanja. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya mwanamke aliyejua kuuza kuliko karibu wenzake wote wa zama zake, na ninakuomba tuangalie pamoja mahali alipopaswa kusimama naye akapita.

Jina lake Brownie Wise, mzaliwa wa jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1913. Ndoa yake ilivunjika akabaki na mtoto mmoja wa kiume, akifanya kazi ya ukatibu mjini Detroit. Mshahara haukutosha, hivyo akaanza kuuza brashi na vifaa vya usafi majumbani mwa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akakutana na vyombo vya plastiki vya Tupperware, vilivyobuniwa na Earl Tupper. Madukani vyombo hivyo vilidoda, kwa kuwa wateja hawakujua kuvifunga: ni lazima ubonyeze kifuniko katikati na kuinua ukingo kidogo ili hewa itoke, ndipo kishike. Rafu ya duka haiwezi kukufundisha hilo. Anahitajika mtu wa kukuonesha, na Wise akatambua kwamba pa kuoneshea ni sebuleni kwa mama ambaye majirani wanampenda.

Pati zenyewe zilikwenda hivi: mwenye nyumba alialika rafiki zake akaandaa vitafunwa. Muuzaji alifika na vyombo, akawachezesha wageni michezo, akajaza kimiminika kwenye bakuli, akalifunga na kulirusha ili waone kwamba halivuji. Kisha oda zikaandikwa, na mwenye nyumba akapewa zawadi kulingana na mauzo ya siku hiyo. Mwaka 1951 Tupper aliviondoa vyombo vyake madukani kabisa, akamfanya Wise makamu wa rais wa kampuni ya kusimamia pati hizo, yenye makao yake Florida. Aprili 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week.

Tuwe waadilifu. Wanawake wengi walishika pesa yao wenyewe kwa mara ya kwanza kupitia pati hizi, na sina ulimi wa kuwabeza. Ila jiulize mgeni alinunua kwa nini. Mwaka 1990 watafiti Jonathan Frenzen na Harry Davis walizichunguza pati za namna hii, wakaona kwamba ukaribu wa mgeni na mwenyeji wake ulikuwa na nguvu zaidi katika kumfanya anunue kuliko hata kukipenda chombo chenyewe. Mgeni alikuwa analipia urafiki, bakuli likawa risiti tu. Sisi hatuhitaji mtafiti kutueleza hilo. Shemeji yako akikualika chai, halafu baada ya kikombe cha pili akatoa mafuta ya ngozi na karatasi ya bei, utasema "hapana" kwa mdomo upi?

Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kuuza kumevuka mpaka, nayo iliwapata wageni. Zilizofuata zilimpata Wise mwenyewe, na hazikuwa za kufichika.

Taratibu maisha yake yote yaligeuka bidhaa. Katika mikutano mikubwa ya wauzaji kule Florida alikuwa akigawa hata magauni yake mwenyewe kama zawadi kwa waliofanya vizuri, na mwanamke aliyeondoka na gauni la Brownie Wise aliona ameondoka na kipande cha ndoto. Aliishi katika jumba zuri kando ya ziwa, likapigwa picha na kusifiwa ili wauzaji waone mahali ambapo juhudi zinamfikisha mtu. Jumba hilo lilikuwa mali ya kampuni. Sura yake, nguo zake na maneno yake ya kutia moyo, vyote vilikuwa kazini mchana na usiku, wala hakuwa na hisa hata moja.

Jarida lile lilipotoka, Tupper alimwandikia kumpongeza, lakini akaongeza kwamba picha anazozipenda zaidi ni zile ambazo Wise yumo pamoja na vyombo. Hebu lisome neno hilo mara mbili. Bosi anakuambia kwa upole kwamba wewe umeanza kuonekana kuliko bakuli. Mwaka 1957, katika sherehe ya wauzaji kwenye kisiwa cha Wise, dhoruba iliwakuta wageni majini, watu wakaumia na kesi zikafuata. Uhusiano wa Wise na Tupper ulikuwa umeshachacha.

Januari 1958 Wise alifukuzwa. Alipata takribani dola 30,000, sawa na mshahara wa mwaka mmoja, na nyumba ya ziwani akaiacha. Mwaka huohuo Tupper aliiuza kampuni yake kwa kampuni ya Rexall kwa dola milioni 16. Jina la Wise likaondolewa katika simulizi ambazo kampuni ilijieleza nazo. Alijaribu tena kwa vipodozi, biashara haikushika. Alifariki mwaka 1992.

Nimejiuliza ilikuwaje mtu mwenye jicho kali namna hiyo kwa wateja asimsome mwajiri wake. Jibu langu, na unaweza kunipinga, ni kwamba muuzaji hodari hufundishwa kuwa "hapana" ni mwanzo wa mazungumzo tu. Ni ujuzi mzuri mlangoni kwa mgeni. Ukiuingiza katika kila uhusiano, unakuchukulia kitu: huwezi tena kusikia mtu anapokuambia kwamba amechoka na wewe. Unadhani anahitaji kushawishiwa zaidi, hivyo unaongeza tabasamu.

Sasa tuje kwetu, maana mimi na wewe hatuna kinga. Ukihudhuria semina ya biashara ya mtandao, mara nyingi zoezi la mwanzo ni kuandika majina ya watu mia moja unaowafahamu, ukianza na ndugu. Shangazi, mwalimu wako wa sekondari, mliyeimba naye kwaya, wote wanaingia kwenye daftari moja. Ukishasema baadhi yao hawataki, unaambiwa ujitenge na wakatisha tamaa. Hapo shtuka, ndugu yangu. Anayekufundisha kumkimbia kila anayekuuliza swali hana haja ya wewe kupata jibu.

Dalili nyingine huja kimya zaidi. Unasikia jirani amekutwa na kisukari, na kabla ya pole, akili imeshataja bei ya virutubisho. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, lililoanzishwa kwa ajili ya msiba wa babu, tangazo lako linakaa juu ya ratiba ya mazishi. Watu waliokuwa wakipokea simu yako mlio wa kwanza sasa wanakujibu kesho kwa ujumbe mfupi. Unanunua mzigo kwa pesa yako ili cheo kisishuke, ukimficha mwenzio nyumbani. Hata asiyeuza chochote anaweza kuanguka humu: anapiga picha ya mtoto kwa ajili ya wafuasi, anachagua marafiki wa kukaa nao mezani kwa kuangalia nani ana "koneksheni", anakwenda harusini na kadi zake za biashara mfukoni.

Uza, tafadhali, uza sana. Sema wazi kwamba ni biashara kabla mtu hajafunga safari ya kuja kwako. Waulize wenye kundi la familia kama matangazo yanaruhusiwa, na wakikataa usianzishe kundi jingine lenye watu walewale. Kabla hujamtumia mjomba orodha ya bei, kumbuka ni lini ulimpigia mara ya mwisho bila kuwa na kitu cha kumuuzia. Kama hukumbuki, mpigie leo jioni. Akikuuliza biashara inaendaje, mwambie inakwenda, kisha muulize habari ya magoti yake.