Mbiu Isiyo na Masikio

Wahenga walinena: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Hawakuona haja ya kuongeza kwamba mpiga mbiu ni mtu. Alipita kitongoji kwa kitongoji, na mwenye shaka alimsimamisha njiani akamwuliza: nani kakutuma, na neno hili lina maana gani?

Bei ya korosho za Masasi na Newala haipigiwi mbiu. Tangu msimu wa 2007/2008 mkulima hukabidhi mzigo kwa chama chake cha msingi, akapewa stakabadhi ya ghala, akangoja mnada. Na mwaka 2024 mnada wenyewe ukahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Hatua iliyosalia ni fupi: skrini katika kila kijiji, zote zikiandikwa na mkono mmoja ulio mjini. Je, ni jambo la kheri?

Lina kheri yake. Biashara ya kangomba, ya kununua kwa kificho kabla ya mnada kwa bei ya kutupa, hustawi gizani. Mjane wa Newala akiisoma bei ileile aisomayo tajiri wa Mtwara, giza hupungua. Ijapokuwa njaa nayo ni giza, na skrini haiwezi kuliangaza.

Lakini bei inayotangazwa ni ya mnadani. Inayofika mkononi ni ile iliyokwisha kukatwa tozo, ushuru na gharama za ghala. Ubao ukionyesha ya kwanza ukaficha ya pili, haukusema uongo, na bado umedanganya. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tangazo lilienea upesi. Malipo ya wengi yalichelewa hadi 2019. Miezi hiyo yote namba ilikuwa kweli redioni, mfukoni haikuwamo.

Basi, anayetangaza kwa wote anawiwa na wote jibu. Skrini inayoongozwa toka mbali hueneza kosa kwa kasi ileile inayoenezea kweli, na karani wa kijijini hawezi kufuta hata nukta. Ubao wa chaki, kwa unyonge wake wote, humwachia mwanakijiji nafasi ya kuandika chini ya bei: makato ni haya, malipo hayajafika. Iwapo skrini mpya haitakuwa na nafasi hiyo, Newala itakuwa imepata nuru ikapoteza mpiga mbiu, na hakuna wa kusimamishwa njiani.